Jinty ya Tri-ang iliyotumika: mota ilikuwa inakoroma, nimeifungua mwenyewe, haya ndo maoni yangu

Wadau habari zenu. Hii ni rivyu ya kichwa cha treni cha modeli nilichonunua kikiwa kimeshatumika, kile kidogo cheusi wanachokiita Jinty, kimetengenezwa na Tri-ang, kampuni ya midoli ya hapahapa Uingereza, na nitaandika kwa urefu maana nilipokuwa natafuta mtu aliyeelezea kwa Kiswahili namna ya kutengeneza mota ya hivi vitu sikupata hata mmoja, na najua tupo wengi tu huku ambao watoto wamependa treni na sisi wenyewe tumekulia pembeni ya reli. Mwenye haraka nampa jibu kabisa: kinunuliwe. Nimekichukua kwa paundi 24, kimekuja kinapiga kelele mpaka jirani wa chini akaja kuuliza tunasaga nini saa tatu usiku, nimetumia kama paundi 9 za vifaa na jioni tatu za kazi, na sasa hivi kinavuta mabehewa matano kikipita nyuma ya kochi na mtoto mchanga amelala palepale.

Kwanza tukijue chenyewe. Jinty ni jina la utani la vichwa vya mvuke vya daraja la 3F vya kampuni ya reli ya LMS, magurudumu sita yote yanavuta, matangi ya maji yamekaa ubavuni huku na huku. Vilitengenezwa 422 kati ya mwaka 1924 na 1931 na kazi yake kubwa ilikuwa kupanga na kusogeza mabehewa, ile ambayo watu wa reli kwetu wanaiita shantingi. Tri-ang wakatoa modeli yake miaka ya 1950, namba ya katalogi R52, baadaye jina likawa Tri-ang Hornby afu kuanzia 1972 likabaki Hornby, na miaka mingi kiwanda kilikuwa Margate, mji wa pwani kule Kent. Cha kwangu kina namba 47606 ubavuni, rangi nyeusi ya British Railways, reli zake ni zile za upana wa milimita 16.5, umeme volti 12 DC. Ndani yake kuna mota inaitwa X04, na hii ndo sababu kubwa ya mimi kukishabikia, maana mota hiyohiyo waliiweka kwenye vichwa vingi sana vya wakati ule, kwa hiyo vifaa vyake mpaka leo vipo na ukijifunza kuitengeneza moja umejifunza karibu zote. Tena ipo wazi, hujafichiwa kitu, ukitoa bodi unaiona amecha (ile sehemu ya mota inayozunguka), unaona kaboni zinazoipelekea umeme, unaona sumaku. Mota nyingi za kisasa ni kikopo kilichozibwa, ikifa unatupa.

Nilikipata kwenye soko la vitu vya modeli, yale yanayofanyika ukumbi wa kanisa Jumamosi moja moja, wazee wamepanga meza, chai na keki kwenye kona. Muuzaji simtaji na wala sina kinyongo naye ila aliniambia kinatembea vizuri kabisa, nikamwomba tukijaribu akasema kipande chake cha reli cha kujaribia amekisahau nyumbani. Hapo ndo ningeondoka. Ukumbini palikuwa na meza nyingine mbili zenye reli ya majaribio na umeme, ningeweza kumwomba dakika moja tu twende pale na naamini asingekataa, lakini mwanangu alikuwa ameshakishika kwa mikono miwili anakiangalia magurudumu, basi nikalipa. Kwa hiyo muuzaji nampa nyota mbili kati ya tano, moja ya bei na moja ya kukifunga vizuri kwenye boksi.

Nyumbani sasa. Tukatandaza reli sebuleni, nikawasha kontrola (kile kifaa cha kupeleka umeme kwenye reli na kuuongeza au kuupunguza), nikafungua umeme kidogo kidogo, kimya. Nikaongeza, kimya. Nikafika nusu kikaruka kama kimechomwa sindano na ule mlio ukaanza, jamani, sijui niuelezeje, kulikuwa na kitu kinapiga filimbi nyembamba juu na chini yake kuna kitu kinakoroma kama mashine ya kusaga ikiwa inaishiwa mahindi. Kwenye kona mlio unabadilika. Kikirudi nyuma mlio ni mwingine. Na harufu ya ozoni, ile harufu ya cheche, ikaanza kutoka baada ya raundi mbili nikazima haraka.

Jumatatu yake nikakipeleka duka moja wanaotengeneza modeli. Jamaa alikiweka kwenye reli, akasikiliza kama sekunde tano, akasema mota imekufa, anaweka mpya na adapta yake, paundi 45. Nikamuuliza hafungui kwanza aone? Akasema haina haja, za zamani zote ndo zilivyo. Hilo ndo lililoniuma na nalisema wazi, nimelelewa na fundi na sijawahi kumwona fundi anayeua mota kabla hajaitoa nje. Nikachukua kichwa changu nikaondoka.

Baba yangu alifanya kazi karakana ya reli Morogoro mpaka akastaafu, zile injini za dizeli za daraja la 88 zilizotoka Kanada amezilala chini miaka na miaka. Sasa hivi yupo zake nyumbani anafuga kuku. Nikarekodi ule mlio kwenye simu, sekunde arobaini, kwenda mbele afu kurudi nyuma, nikamtumia WhatsApp na maelezo kwamba shikamoo baba, hiki ni kitreni cha mjukuu wako, nisaidie kusikiliza. Nilidhani atacheka. Baada ya nusu saa ikaja sauti yake, nimeisevu mpaka leo:

"Marahaba mwanangu. Nimesikiliza mara tatu. Hapo kuna sauti mbili, usizichanganye. Inayopiga filimbi ni ukavu, kuna beringi haijaona oili siku nyingi. Inayokoroma hiyo usiiguse wala usiihukumu mpaka uitoe mota nje uisikilize peke yake. Ikikoroma peke yake ugonjwa ni wa mota. Ikinyamaza ugonjwa ni wa gia. Na tafuta bisibisi ndefu, weka ncha kwenye chuma na mpini sikioni, utasikia kama unaongea naye."

Kama kuna kitu kimoja tu utachukua kwenye rivyu hii chukua hicho cha kuitoa mota nje. Yule wa duka alisikiliza sauti mbili akazihesabu moja.

Haya, kufungua. Bodi inatoka bila shida, skrubu ya mbele unalegeza afu unainua taratibu, plastiki ya miaka sitini usiilazimishe. Bodi ilipotoka nikajaribu tena bila bodi na kelele ikapungua kidogo, maana bodi lenyewe ni kama ngoma, linaongeza mlio wa chini. Hii ni kawaida ila inakuonyesha sauti inapita wapi. Afu nikatoa ule waya mmoja unaoingia kwenye mota. Hapa elewa kitu, kwenye hizi za zamani umeme wa upande mmoja unapita kwenye magurudumu na chesisi yenyewe ya chuma, upande wa pili ndo unaokuja kwa waya, kwa hiyo chuma chote cha chini ni sehemu ya sakiti. Mota imeshikwa na skrubu kwa nyuma, ukiifungua inainuka na gia yake ya womu (ile ya shaba ya njano yenye mistari kama skrubu) inaachana na gia kubwa iliyo kwenye ekseli.

Nikaishika mota mkononi, waya mmoja kwenye fremu mmoja kwenye kaboni, umeme kidogo. Ikazunguka. Filimbi ipo, tena kali, cheche za bluu zinaonekana, lakini kukoroma hakuna. Hakuna kabisa. Nikamwita mke wangu aje asikilize maana nilitaka shahidi. Yani ile sauti iliyoiua mota dukani haikuwa ya mota, ilikuwa ya gia.

Tuanze na filimbi. Ekseli ya amecha inakaa kwenye beringi mbili, na karibu na beringi kuna vipande vidogo vya kitambaa kizito cha kunyonya oili ambavyo kazi yake ni kuilisha beringi pole pole. Vya kwangu vilikuwa vigumu kama kipande cha ganda la mti, ukivigusa na sindano vinasikika. Mtu wa mwisho kuweka oili sidhani kama alikuwa na simu ya mkononi. Nikasafisha kwa spiriti, ile ya isopropili ya duka la dawa, kwa pamba za masikio, pamba ya kwanza ikatoka nyeusi tii, ya pili kahawia, ya sita ndo ikaanza kuwa nyeupe. Afu oili ya cherehani, tone moja kila upande. Nasema tone moja na namaanisha: unachovya ncha ya sindano kwenye chupa, unaigusisha kwenye beringi, oili inanyonywa yenyewe, basi. Usipulize zile dawa za kopo za kulegeza kutu, zinaruka kila mahali, zinakauka na kuacha utando, na zikifika kwenye komyuteta, pale amecha inapopokea umeme, umejitafutia kazi nyingine. Filimbi ilikatika palepale nikiwa nimeishika mkononi, kama mtu amefunga bomba. Nikaweka bisibisi sikioni kama mzee alivyosema na kusikia tu mvumo laini.

Komyuteta sasa. Ni pale mwisho wa amecha penye vipande vitatu vya shaba ambapo kaboni mbili zinabana kutoka pande mbili na kupitisha umeme. Kati ya kipande na kipande kuna mfereji mwembamba, na hiyo mifereji ilikuwa imejaa tope la oili ya zamani na vumbi la kaboni. Vumbi la kaboni linapitisha umeme, kwa hiyo vile vipande vitatu vinavyotakiwa kuachana vinakuwa vimeungana, ndo maana ya cheche, ndo maana ya ile harufu, ndo maana haikutaka kuondoka mpaka nusu ya umeme. Nikachukua kijiti cha kuchokolea meno, nimekichonga kiwe bapa, nikapitisha kwenye kila mfereji taratibu. Usitumie sindano hapa, shaba ni laini, utaikwaruza na kila mkwaruzo utakula kaboni. Kilichotoka ni kama masizi ya sufuria yaliyochanganyika na mafuta. Afu spiriti tena mpaka shaba ikarudi rangi yake ya waridi.

Nikapima ukinzani wa umeme na multimita, kipande cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza. Namba tatu zikikaribiana amecha ni nzima. Kama moja imepishana sana au imekataa kusoma, waya umekatika ndani au umeungua, na hapo ndo ningemkubali mtu anayeniambia mota imekufa. Za kwangu zilikuwa sawa, tofauti ni kwenye desimali tu. Mota ya miaka sitini hiyo.

Kaboni zenyewe zilikuwa zimeisha, moja imebaki kama nusu milimita na kile kikofia chake cha shaba kilikuwa kinakaribia kusugua komyuteta. Hizi nikaagiza, seti ya kaboni mbili na springi mpya, ilikuja kwa posta siku ya tatu. Springi ni waya mmoja uliokunjwa kama kibanio cha nywele, mikono miwili, kila mkono unabana kaboni yake. Na hapa kaa chini usome mara mbili: mkono mmoja wa springi una kimrija kidogo cha plastiki cha kuzuia umeme. Kidogo kuliko punje ya mchele. Kile kimrija lazima kirudi, maana bila hicho springi inaunganisha kaboni mbili moja kwa moja na kontrola yako inapiga shoti. Changu kilianguka kwenye zulia. Tulikitafuta mimi na mwanangu kwa tochi tumelala kifudifudi karibu saa nzima, na yeye ndo alikiona. Fanyia kazi juu ya sinia au taulo jeupe, sikufanya hivyo siku ya kwanza.

Sumaku sikuigusa. Kwenye X04 sumaku ni donge limebanwa nyuma na skrubu, na ukilitoa bila kuliwekea kipande cha chuma cha kuunganisha ncha zake linapoteza nguvu, ni zile sumaku za zamani za alniko. Kuna watu wanaondoa kabisa na kuweka vipande vidogo vya sumaku ya kisasa ya neodimiamu na chuma cha kujazia, na inafanya kazi kweli, mota inakula umeme kidogo zaidi na inatembea taratibu zaidi. Ila kama ya kwako bado inavuta iache. Namna niliyotumia kujua: kabla ya kazi kichwa kilikuwa kinakula karibu ampea moja kikitembea peke yake na baada ya dakika tano mota haishikiki kwa joto, baada ya kusafisha na kaboni mpya ikashuka mpaka kama 0.45 na inabaki na joto la kawaida tu. Sumaku iliyochoka isingeshuka hivyo.

Haya, turudi kwenye kukoroma. Nikageuza chesisi miguu juu, mota ikiwa imetoka, nikayazungusha magurudumu kwa kidole. Yalikuwa mazito, na kila mzunguko kuna mahali yanakwama kidogo afu yanaachia. Nikaweka taa karibu. Kwenye ekseli ya katikati, pembeni ya gia, kulikuwa kumejiviringisha nyuzi za zulia, nyekundu na kijani, zimekazwa na oili ya zamani mpaka zimekuwa kama pete. Nikazikata kwa wembe na kuzivuta kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu (nimemnunulia kingine), na kati ya nyuzi mkatoka unywele mrefu mweupe. Nilikaa nao mkononi muda kidogo. Zulia jekundu na kijani, mtu fulani, nyumba fulani, mtoto fulani amecheza na hiki kichwa sakafuni miaka hiyo na bibi yake pembeni. Ndo raha ya vitu vilivyotumika, na ndo maana inaniuma mtu kusema tupa weka mpya.

Gia yenyewe ilikuwa na grisi iliyoganda rangi ya nta, meno yamejaa. Spiriti, mswaki wa zamani, kijiti, jino moja moja. Hakuna jino lililovunjika. Nikaweka grisi nyeupe ile isiyodhuru plastiki, kiasi cha kichwa cha kiberiti, nikafunga kila kitu, nikawasha.

Ilikuwa afadhali sana lakini bado. Ule mkoromo ulikuwa umepungua labda robo tatu, umebaki mguno wa chini, wa kuendelea, mbele na nyuma sawasawa. Nikamrekodia tena mzee. Jibu lake safari hii lilikuwa fupi: "Sasa inalalamika kubanwa. Gia zako zimekumbatiana mno, zipe nafasi ya pumzi."

Na kweli. Nilipokaza ile skrubu ya nyuma nilikuwa nimeishusha mota mpaka mwisho, womu ikawa imezama kwenye gia bila nafasi. Gia hizi zinataka uwe unaweza kulichezesha gurudumu kidogo tu, kama upana wa ukucha ulivyo mwembamba, kabla womu haijalizuia. Likigoma kabisa zimebana, likicheza sana zitagongana na meno yatalika. Nikakata kipande cha karatasi ya kawaida ya printa, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, nikakilaza chini ya mota pale inapokalia chesisi karibu na skrubu. Vipande viwili vikawa vingi, ikaanza kugongagonga. Kimoja ndo kilikuwa chenyewe. Karatasi hiyo mpaka leo ipo mle ndani.

Kuna kingine kiliniongezea kelele na sikukijua mpaka rafiki yangu aliponipa kontrola yake nijaribu. Kontrola yangu ya zamani ina swichi ya pembeni ya nusu wimbi, inakata umeme vipande vipande ili kichwa kianze kuondoka taratibu, ni nzuri kwa shantingi lakini mota inanguruma nayo. Nilikuwa nimeiacha imewashwa wiki nzima. Zima hiyo kwanza, ndo uanze kusikiliza.

Sasa hivi kikoje. Kinaondoka kwenye kama volti 3 hivi bila kuruka. Kinatoa mvumo, siwezi kukudanganya kwamba ni kimya, gia ya womu ya chuma na bodi la plastiki vitasikika tu na mtu anayetaka kimya cha modeli ya kisasa ya paundi 120 akanunue hiyo. Lakini ni mvumo mmoja, haubadiliki, kwenye kona uleule, kwenda mbele na kurudi nyuma uleule. Kina kamlio kadogo ka kugonga kwenye gurudumu la nyuma kushoto, nimeangalia ni magurudumu yenyewe, zile flanji (kingo za gurudumu zinazoshuka ndani ya reli) nene za zamani zinagusa vishikilio vya reli zangu za kisasa ambazo ni fupi kimo. Hilo kosa la kichwa siliweki, ni reli na magurudumu vya vizazi viwili tofauti, na wewe unayenunua vya zamani ujue kabisa kwamba kwenye reli fupi kimo za siku hizi vinaweza kugonga.

Maksi basi. Kichwa chenyewe nakipa nne na nusu kati ya tano, nusu nimeitoa kwa sababu ya kushika umeme, kwenye makutano ya reli kinasita kama reli si safi na inabidi ufute reli mara kwa mara. Mota ya X04 tano kamili, mashine ya kuiheshimu, imekaa kwenye uchafu miaka yote hiyo na amecha imesoma sawa. Waliouza kaboni na springi kwa posta tano, vifaa vilikuja haraka na kwenye pakiti wameweka kimrija cha akiba bila kuombwa, yani mtu aliyefunga ile pakiti anajua kazi. Lile duka la paundi 45 sitawapa namba, sijaona kazi yao, nimeona tu kwamba hawakufungua.

Nani anunue? Mzazi mwenye mtoto wa miaka saba nane kwenda juu anayependa kujua ndani mna nini, mnunulie hiki kabla hujamnunulia kipya. Mwenye mtoto wa miaka mitatu bado, kuna vipande vidogo vya kumezwa. Bei, mpaka paundi 30 ni halali kama kinatembea, hata kama kinapiga kelele. Ukiwa mezani kwa muuzaji omba kijaribiwe mbele na nyuma. Kikipiga filimbi usiogope. Kikitoa cheche usiogope sana, zungumza bei. Kama gurudumu haligeuki kabisa, au kinanuka kama waya ulioungua, kile kinuko cha vanishi iliyochomeka ambacho ukishakijua hukisahau, hapo rudisha mezani umshukuru mzee wa watu uende meza nyingine.

Jana jioni nilimpigia baba video, nikamwekea simu chini sakafuni kwenye kona ya reli, Jinty ikaja na mabehewa yake matano ikapita pembeni ya kamera, mjukuu wake ndo anaendesha. Mzee siku hizi akienda Dar anapanda ile ya umeme ya SGR, anasema imetulia mpaka anasinzia. Akaniambia niizungushe tena. Ikapita mara ya pili, ya tatu, yeye kainamisha kichwa, sikio ndo limeelekea kwenye simu, kuku wanasikika nyuma yake. Afu akasema, "Mwambie dereva apunguze kwenye kona."